Mahadhi ya Bibi na Mashine ya Njia Nane

Mashairi yetu yalikuwa sauti kabla ya kuwa maandishi. Mwana Kupona alipoutunga utendi wake mwaka 1858 kumuusia binti yake, hakukusudia usomwe kimya kimya. Maneno yake tunayo, yamechapwa na kufasiriwa. Mahadhi ambayo kwayo huimbwa ni jambo jingine: hayo yamo vifuani mwa watu, na mwenye kifua akiondoka huondoka nayo. Ndiyo sababu mtu wa kalamu kama mimi, ambaye sikusomea ufundi wa sauti kama ambavyo sikusomea ushairi wala tafsiri, nikajikuta naulizia bei za mashine za kurekodi.

Tuna jirani, bibi mwenye umri mkubwa, ambaye huusoma utendi huo kwa mahadhi aliyoyarithi kwa mama yake. Mjukuu wake hupiga udi, na alitamani bibi arekodiwe huku yeye akimpigia. Tamaa hiyo ndiyo iliyonipeleka kwenye mashine za njia nyingi, yaani zile ambazo kila sauti huwekwa katika njia yake, zote zikasikika pamoja na kila moja ikabaki peke yake.

Faida ya jambo hilo huonekana tukikumbuka yaliyopita. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928, sauti yake na vyombo vyote viliingia katika santuri kwa mkupuo mmoja; haukubakia mfuo wa sauti yake pekee. Kuzitenga sauti ilikuja kuwa kazi ya studio kubwa, mpaka mwaka 1979 kampuni ya TEAC ilipotoa Portastudio, mashine ya njia nne iliyotumia kanda ya kaseti ya kawaida. Bruce Springsteen, Mmarekani, aliimba nyimbo za santuri yake ya Nebraska, iliyotoka mwaka 1982, kwa mashine ya namna hiyo akiwa nyumbani kwake. Mashine za leo huhifadhi sauti katika kadi ndogo, bali fikra ni ile ile.

Mtu ataniuliza, kwa nini si kompyuta? Kompyuta hufanya yote haya na zaidi. Lakini ina feni inayovuma, na ina kioo kinachomvuta kila aliyemo chumbani akitazame. Nilitaka kitu kinachowekwa mkekani kando ya kikombe cha kahawa, kikasahauliwa.

Nilibakiwa na mbili, zote zilizokwishatumika. Ya kwanza ilikuwa Zoom R16, yenye kurekodi njia 8 kwa wakati mmoja na kuchezesha 16. Ya pili, Tascam DP-008, ina njia 8, lakini hurekodi 2 tu kwa wakati mmoja. Hapa ndipo mnunuzi anapopaswa kuwa macho, kwani namba iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi aghalabu ni ya njia zinazochezwa, si ya zinazorekodiwa. Mwenye kundi la udi, kanuni, fidla, nai na dumbaki, linalopiga kwa kusikilizana, asidanganyike na mashine ya matundu mawili. Ahesabu watu wanaopaswa kusikika kwa pamoja, ndipo ahesabu fedha.

Mimi nilihesabu watu wawili, nikachukua ndogo. Hata hao wawili sikuwarekodi pamoja. Katika chumba kimoja udi huingia kwenye maikrofoni ya mwimbaji, na utengano unaolipiwa hupotea. Basi bibi aliimba kwanza, peke yake; kijana akaja siku ya pili, akavaa spika za masikioni, akamfuata. Bibi hana mapigo ya saa. Hukawia penye neno zito na huharakisha penye jepesi. Mashine nyingi zina mapigo yao ya kumwongoza mwimbaji. Tuliyazima, kwa kuwa si bibi wa kuifuata mashine. Anayefuata ni kijana.

Mambo mengine matatu yaliniamulia. La kwanza ni betri. Kisiwa cha Unguja kilikaa bila umeme karibu mwezi mzima mwaka 2008, na tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Aliyeishi siku hizo hanunui kitu kisichokubali betri ndogo za AA. Ajue tu kwamba maikrofoni zinazodai umeme wa volti 48 huzila betri hizo upesi. La pili ni nafasi: kwa ubora wa sidii, njia moja huchukua kama megabaiti 5 kwa dakika, hivyo nusu saa ya bibi haikufika 200. La tatu ni namna sauti inavyohifadhiwa. Baadhi ya mashine, hii ikiwemo, huweka sauti kwa mpango wao wenyewe, na lazima zitolewe kwa mkono ziwe mafaili ya WAV ndipo zisomeke kwingine. Kazi isiyotolewa na kunakiliwa mahali pawili haijahifadhiwa.

Tulipomsikilizisha, bibi alisikia kikohozi chake katikati ya ubeti. “Mwanangu, hapo futa, niimbe tena.” Mashine huweza: huingia penye ubeti ule pekee, ikafuta na kuandika upya. Nilimwomba ruhusa ubeti mpya uwekwe katika njia ya pili, wa kwanza ubaki ulivyo. Alifikiri kidogo, akasema, “Haya, weka vyote viwili. Lakini watu uwasikilizishe kisafi.”

Hivyo ndivyo nifanyavyo. Kikohozi kimo katika njia ya kwanza, na kwa amri yake nimekishusha hadi chini kabisa. Wajukuu watakaokuja, wakitaka kumsikia bibi yao alivyokuwa jioni ile, watakipandisha wenyewe.