Kabla Uite Mtu Mwizi, Funga Begi Mguuni

Wasee, leo hakuna vidio. Leo ni maneno tu, na mengine yananiuma kuyaandika. Nimeulizwa mara nyingi sana: "Wewe hutembea aje na kamera ya bei hiyo, hii Kenya yetu, na haijawahi kuibiwa?" Watu wanataka nitaje kufuli, begi na bima. Nitataja zote. Lakini kwanza lazima niwaambie kuhusu usiku mmoja Mtito Andei, juu kila kitu ninachofanya sasa kilianzia hapo.

Kamera yangu ni Sony A7 III ya mkono wa pili. Niliinunua 145,000 pamoja na lenzi moja. Kati ya hizo pesa, 60,000 hazikuwa zangu. Mamangu alizikopa kwa chama chake, wale kina mama wenzake wanaokutana kila Jumapili ya pili ya mwezi, na jina lililoandikwa kwa kitabu ni lake. Kwa hivyo kila nikitoka na hiyo kamera, nilikuwa nahisi nimebeba jina la mamangu begani.

Tena nilikuwa nishaporwa simu mara moja. Ilikuwa kwa matatu, jam ya jioni, dirisha wazi, mimi nacheka na vidio za watu. Mkono ukaingia, simu ikaenda. Sekunde mbili tu. Kuanzia siku hiyo nikawa naangalia kila mtu kama mwizi ambaye bado hajapata nafasi. Nilidhani huo ndio ujanja wa mjini. Kumbe ilikuwa uoga tu.

Sasa, Desemba moja nikaitwa kupiga picha za harusi Kilifi. Tiketi za SGR zilikuwa zimeisha, si unajua Desemba na watu wa Nairobi. Nikachukua basi la usiku. Jirani yangu kwa kiti alikuwa kijana wa rika langu, mwembamba, kofia imeshuka hadi kwa macho, raba zimepasuka kando. Alikuwa na begi jeusi la mgongoni kama langu. Hakunisalimia, na mimi sikumsalimia. Nilikumbatia begi langu kama mtoto mgonjwa hadi tukapita Emali, halafu usingizi ukanishinda. Nikaliteremsha chini, katikati ya miguu, nikalala.

Niliamka basi likiwa limesimama. Mtito Andei, karibu saa nane usiku, pale mabasi ya Mombasa husimama watu waende choo na kununua chai. Kiti cha jirani kilikuwa kitupu. Nikapapasa kwa miguu. Hakuna begi. Nikaangalia nje na kumwona yule kijana anatembea kuelekea vyooni, begi jeusi mgongoni.

Sikufikiria hata kidogo. Nilifungua dirisha nikapiga nduru: "Mwizi! Mshikeni huyo! Ameiba kamera!"

Nyinyi mnajua hilo neno linafanya nini hapa kwetu. Hakuna anayeuliza ushahidi. Watu wamepigwa mawe na kuchomwa na tairi katika nchi hii kwa sababu mtu mmoja alisema neno moja, na kesho yake ikajulikana hakuiba chochote. Mimi nililijua hilo. Nimewahi hata kuweka vidio ya kupinga hiyo tabia, na ikapendwa sana. Lakini usiku ule nilikuwa na 145,000 kichwani, sio mtu.

Kabla nifike kwa mlango wa basi alikuwa ameshazungukwa. Nilisikia kofi la kwanza. Nikasikia mwanaume akisema, "Leteni tairi." Mpaka leo sijui kama alikuwa anatania.

Hapo ndipo nikasikia sauti ya mama mmoja nyuma yangu, ndani ya basi: "Hili begi jeusi ni la nani? Limeteleza likanigonga mguu."

Alikuwa ameketi mbele, safu ya pili. Basi lilipofunga breki, begi langu liliteleza chini ya viti likampata yeye. Kamera ilikuwa ndani, salama, hata haikuwa na mkwaruzo.

Nilitoka mbio nikipiga kelele, "Sio yeye! Sio yeye!" Wacha niwaambie kitu: umati husikia "mwizi" mara moja, lakini "sio yeye" unairudia hadi koo linakauka. Dereva na soja wa hoteli ndio walimtoa katikati ya watu. Mdomo ulikuwa umepasuka. Begi lake walikuwa wameshalimwaga chini: mashati mawili meupe yaliyopigwa pasi, chanuo, nusu ya mkate. Alikuwa anaenda kuanza kazi kwa hoteli Diani. Hayo mashati ndiyo yalikuwa ya kazi, na yalikuwa yamekanyagwa.

Tulirudi kwa basi, tukakaa viti vilevile. Hakukuwa na kiti kingine. Nilimwomba msamaha Voi, nikamwomba tena Mackinnon Road. Nikamwekea 2,000 mkononi, akazirudisha kwa magoti yangu bila kuniangalia. Tulipofika Mombasa kumekucha, akasimama, akavaa begi, akaniambia maneno ambayo nimeyabeba kuliko hiyo kamera.

"Dadangu, si ungeuliza tu?"

Akashuka. Sikupata hata jina lake.

Niliporudi Nairobi nilimweleza mamangu. Nilitarajia afurahi kamera iko. Alinyamaza kwanza, halafu akasema, "Deni la chama ningelipa polepole. Hilo lingine ningelilipa na nini?"

Tangu hapo naona mambo tofauti kidogo. Kulinda kamera ni kazi yangu, sio kazi ya jirani yangu kuthibitisha kuwa si mwizi. Nikifunga vizuri, sina haja ya kushuku kila mwenye viatu vilivyopasuka. Kufunga mkanda wa begi kwa mguu wangu kungechukua sekunde kumi. Hizo sekunde kumi ndizo nilimlipisha yule kijana. Kwa hivyo haya ndiyo ninayofanya siku hizi, na hakuna lolote linalohitaji pesa nyingi.

Kwa basi, begi halikai juu wala kwa buti. Linakaa chini, na mkanda wake unazungushwa mguuni mwangu au kwa chuma cha kiti, halafu naufunga na klipu ya chuma. Likiteleza, naamka. Likivutwa, naamka. Kwa matatu sikai dirishani kama nina kamera, na nikikosa nafasi nyingine, dirisha linafungwa, hata kama joto linaua. Kwa bodaboda, begi linakaa mbele, kati yangu na dereva. Kamera haining'inii shingoni ikipepea kando ya barabara, juu anayepita na pikipiki nyingine atakuvuta na wewe uende nayo chini.

Begi lenyewe lisiseme kitu. Yale mabegi rasmi ya kamera yenye jina la kampuni mbele ni kama kutembea na bango. Langu nililinunua Gikomba kwa 300, linafanana na la mama anayebeba nepi. Ndani nimeweka sponji niliyokata kwa godoro kuukuu. Jina lililo kwa kamera nimelifunika na selotepu nyeusi, na ule mkanda ulioandikwa jina kwa herufi kubwa niliutoa, nikaweka wa kawaida. Kamera ikionekana kama kitu kilichochoka, macho mengi hupita tu.

Barabarani, naitoa nikijua ninapiga nini. Napiga, naangalia mara moja, inarudi ndani. Mkanda unapita kifuani, sio begani. Nikitaka kubadilisha lenzi naingia dukani au nasimama mgongo ukiwa ukutani. Kwa feri ya Likoni, vile watu husongamana, begi linakuja mbele tumboni na mkono wangu uko kwa zipu.

Nikilala kwa nyumba ya kukodi, natumia ile waya ya kufungia baiskeli, naipitisha kwa mikanda ya begi na mguu wa kitanda. Mtu mwenye nia na msumeno ataikata, najua. Lakini anayepita haraka akiangalia cha kubeba ataachana nayo. Na bahari, tafadhali: kama unaenda kuogelea, kamera ibaki chumbani imefungwa. Usimwambie mtu usiyemjua "niangalizie" halafu uingie kwa maji, ukitoka hamuelewani umwitie watu.

Ukisafiri na ndege, kamera ni mzigo wa mkononi. Zile betri za akiba za lithiamu haziruhusiwi kwa mzigo unaoenda chini ya ndege, kwa hivyo hata hauna ubishi: kamera na betri zinaenda na wewe. Wakikuambia mlangoni kwamba ndege imejaa na begi lako dogo lishuke chini, toa kamera na betri kwanza ndipo uwape.

Kitu kingine, na wengi hukisahau: linda picha kuliko kamera. Kamera ya aina yangu inaingiza kadi mbili, nami nimeiweka irekodi kwa zote mbili kwa wakati mmoja. Usiku, kabla nilale, namwaga kila kitu kwa laptopu, halafu kadi moja inatoka na kukaa mahali pengine kabisa, kwa mfano ndani ya soksi kwa begi la nguo. Kamera unaweza kukopa ya rafiki kesho. Bibi harusi hatavaa tena lile gauni wala nyanya yake hatalia tena vile alilia.

Halafu karatasi. Kila kamera ina namba yake ya kipekee, mara nyingi imeandikwa chini. Piga picha ya hiyo namba pamoja na risiti, ujitumie kwa barua pepe, leo, sio kesho. Kamera nyingi huiandika namba hiyo hata ndani ya faili za picha, kwa hivyo picha zako za zamani zinaweza kusaidia kuonyesha ni yako. Ikiibiwa, unaenda kituo cha polisi, unaandikisha, unapewa namba ya OB. Bila hiyo, bima hawatakusikiza. Na kabla ulipie bima, soma inasema nini kuhusu kamera iliyoachwa kwa gari au mahali bila mtu. Uliza swali hilo kabla utie sahihi.

Na mtu akikukaba ngeta au akikuonyesha kisu, toa. Toa haraka. Hakuna lenzi inayolingana na shingo yako.

Sasa, ukiamka na begi haliko, fanya hivi. Angalia chini ya viti, mbele na nyuma. Uliza jirani. Mwambie dereva au konda asiondoe gari. Waulize watu kwa sauti ya kawaida, "Jamani, nani ameona begi jeusi?" Ukiona kweli mtu amelibeba, mwambie konda au askari. Lile neno liache mdomoni. Ukishalitoa hauwezi kulirudisha, na wale watakaolipokea hawakujui wewe wala huyo mtu.

Najua kuna atakayesema mimi ni mlaini, kwamba wezi wapo na wanatumaliza. Ni kweli wapo. Simu yangu ilienda na haikurudi. Lakini aliyenichukulia simu na yule kijana wa Mtito ni watu wawili tofauti, na mimi nilitaka mmoja alipe deni la mwingine kwa sababu ya viatu.

Deni la chama nilimaliza kulilipa mwaka uliofuata. Kamera bado iko, na selotepu yake. Mtito napita mara kwa mara, na basi likisimama pale, mimi hushuka, hununua chai, na kuangalia watu wanaoelekea vyooni. Sitamwona, najua.

Kitu kimoja kimebadilika, na sasa ndicho kufuli yangu ya kwanza. Nikiingia kwa gari, kabla nifunge mkanda wa begi mguuni, namgeukia jirani. "Habari yako? Unashukia wapi?" Tunaambiana majina. Mara nyingi tunaishia kugawana njugu. Safari iliyopita nililala fofofo kutoka Makindu, nikaamka na kukuta mzee niliyekaa naye ameweka mguu wake juu ya mkanda wa begi langu. "Lala tu, binti yangu," akaniambia. "Naliangalia."