Kimara Ilivyotupatanisha

Wapenzi wengi wa Dar wakitafuta nyumba huangalia kodi na tailizi. Sisi tuliangalia barabara. Mimi nafanya kazi Posta, mwenzangu yuko Kibaha. Tukipanga mjini anaumia yeye, tukienda Kibaha naumia mimi. Kimara ikatupatanisha.

Tangu Mei 2016, mabasi ya mwendokasi yanaanzia hapa na kushuka Barabara ya Morogoro hadi Kariakoo na Kivukoni, tena kwenye njia yake yenyewe. Upande wa pili, pale Mbezi, kuna Kituo cha Magufuli, kilichopokea mabasi ya mikoani kutoka Ubungo mwaka 2021. Hata kwenda ukweni hakuna kisingizio tena!

Si peponi, jamani. Asubuhi basi linajaa mpaka mlangoni. Ila jioni tunakutana kituoni, tunanunua mchicha na samaki wa kukaanga, kisha tunapandisha kilima taratibu huku tukipiga stori. Hiyo nusu saa ndiyo ndoa yetu.

Kwa hiyo wewe na mwenzio, kabla hamjalipa kodi ya miezi sita, ulizaneni kwanza: tukihamia huko, tutakuwa tunaonana saa ngapi?