Pumba za Mamba

Ukifika Kibaoni, mkoani Katavi, unaiacha barabara ya Sumbawanga, unashuka Bonde la Rukwa, na Mamba unaijua kwa mashine za kukoboa mpunga. Msimu wa mavuno zinanguruma kutwa, na nyuma yake pumba zinarundikana. Lundo nililolikuta lilikuwa linafuka moshi: juu jeusi, ubavuni palipopata hewa majivu yamekuwa meupe kama sembe.

“Chukua tu, mwanangu, hizo hatuuzi,” mzee wa mashine aliniambia. Pumba laini zina wateja, wafuga kuku. Hizi ngumu hata ng’ombe wa Wasukuma hawazitaki. Wachoma tofali hubeba kiasi, zilizobaki zinatiwa kiberiti.

Ugumu huo ndio mali yenyewe. Mpunga hufyonza silika, madini ya mchanga, ardhini na kuilimbikiza kwenye ganda. Kilo 100 za mpunga hutoa maganda kama kilo 20, nayo yakiungua hubaki majivu kama kilo 4, ambayo kwa kawaida zaidi ya asilimia 80 ni silika. Wanakemia huyachemsha na kostiki, ile ile ya watengeneza sabuni, silika ikayeyuka. Wakitia asidi inaganda upya, imejaa vitundu visivyoonekana kwa macho. Humo hupachikwa nikeli, au asidi, na hapo umepata kichocheo: kitu kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kuisha. Kwa kuwa ni kigumu, kazi ikimalizika kinachujwa, kinaoshwa, kinatumika tena. Asidi ya maji, nayo kichocheo, haichujiki. Sharti uiue kwa alkali, kisha utafute pa kumwaga maji ya chumvi.

Kasoro ni moto. Ukizidi sana nyuzi 700, silika huwa fuwele, haiyeyuki kirahisi, na vumbi lake linaumiza mapafu. Ukiwa hafifu, kaboni inabaki. Moto wa lundo hauna anayeupima.

Na matumizi ya kichocheo hicho si ya kubuni. Miaka ya 2000 kampuni ya Kijerumani, Prokon, iliingia mikataba na wakulima wa Mpanda walime mbono kaburi kwa ajili ya mafuta. Kuyageuza mafuta ya namna hiyo kuwa dizeli kunahitaji kichocheo, na cha kuchujwa kingepunguza maji mengi ya kusafishia.

Kampasi ya Mizengo Pinda ya Chuo Kikuu cha Sokoine iko huku huku Katavi. Walimu na wanafunzi wake, njooni Mamba na magunia na kipimajoto. Pumba ni za bure.