Kadhi na Mmisionari

Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, mwanachuo mmoja Mwislamu aliniomba jiko lifunguliwe alfajiri, apate kupika daku. Nilimjibu kwa ukali kwamba chuo ni cha Kikristo. Ramadhani nzima daku yake ikawa maji matupu, wala hakulalamika.

Baadaye nilisoma habari za Krapf, mmisionari Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844. Aliyemsaidia kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili alikuwa kadhi wa mji. Kila mmoja alibaki na dini yake.

Niliona haya. Imani yangu ingepungua nini kwa kuni chache? Nilimwandikia yule kijana, sasa mwalimu mkuu, kumwomba radhi. Akajibu: "Mwalimu, yamekwisha. Karibu tufuturu."

Nilikwenda.