Ndimu Juu ya Wakfu

Jikoni mwa msikiti wetu pana meza ya marumaru, wakfu wa mama mmoja mjane aliyetaka futari iandaliwe mahali safi. Siku mbili kabla ya Ramadhani niliisugua mwenyewe kwa ndimu na siki, nikidhani naing'arisha. Ilipokauka, pakabaki mabaka yaliyofifia. Nikazidisha ndimu!

Fundi wa mawe alinifahamisha kwamba marumaru ni jamii ya chokaa, na vitu vikali kama ndimu, siki na ukwaju huila. Yale hayakuwa madoa, bali jiwe lenyewe lililolika. Halirudi ila kwa kusuguliwa upya kwa msasa. Lilitaka maji ya vuguvugu, sabuni kidogo ya vyombo na kitambaa laini, kisha likaushwe. Nami nilikuwa karibu kuongeza dawa ya klorini, ambayo ikichanganyika na siki hutoa hewa ya sumu.

Mali ya wakfu ni amana. Baada ya Alasiri nilikwenda kwa mama yule, nikakiri. Alinyamaza kitambo, akauliza, "Futari itapikwa, mwanangu?"

"Itapikwa, mama."

Gharama ya fundi nimeibeba mimi. Kamati ilitaka itoke mfuko wa msikiti. Nikakataa kuliandika hilo katika kumbukumbu za kikao.