Meli Isiyokwenda Popote

Kwetu Pemba meli ni haja. Mtu hupanda kwa sababu ana mgonjwa Unguja, ana harusi ya ndugu, ana mzigo, au anakwenda kutafuta kazi. Akishapanda huhesabu saa mpaka lionekane gati la upande wa pili. Ndiyo maana nilipomwambia mama kwenye simu kwamba mimi na mke wangu tunataka kupanda meli Barcelona, tuzunguke, kisha tushukie pale pale Barcelona, alinyamaza kidogo, halafu akauliza, “Sasa mwanangu, mnakwenda wapi?” Nilicheka. Jibu sikuwa nalo, na hata leo sina hakika kama ninalo.

Tulianza na bei, kama wanavyoanza wengi. Chumba cha ndani, kisicho na dirisha, ndicho rahisi. Juu yake kuna chenye dirisha, na juu zaidi chenye roshani. Mke wangu alitaka roshani. Mimi nikang’ang’ania cha ndani, kwamba chumbani tutakuwa tunalala tu, kwa nini tulipie mandhari ya usingizini? Hoja haikuwa mbaya, ila sababu yenyewe sikuisema. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, Spice Islander I ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, imejaa watu kupita kiasi, na mamia hawakufika. Mimi nilikuwa nimeshahamia Uingereza. Nilizipata habari kwa simu, jina baada ya jina, mengine ya watu niliosoma nao chuoni. Tangu hapo bahari ya usiku siipendi kuitazama, na ukuta mtupu ulinifaa.

Katika kuchagua, jambo moja sikuhitaji kufundishwa. Chombo huruka zaidi omo na tezi, na juu huyumba kuliko chini. Kwa hiyo tulitafuta chumba cha katikati, sitaha za chini. Meli hizi kubwa zina mapezi ya chuma chini ya maji, pande zote mbili, yanayopunguza kuyumba, lakini aliyelelewa na mkondo wa Nungwi haamini pezi.

Zoezi la dharura lilifanyika kabla hatujang’oa nanga. Costa Concordia ilipogonga mwamba na kulala ubavu karibu na kisiwa cha Giglio, Januari 2012, walikufa watu 32, na wapo abiria waliokuwa wamepanda siku ile ile bila kuonyeshwa lolote. Kanuni zikabadilishwa: sasa zoezi hufanywa kabla ya kuondoka au mara tu meli inapoondoka. Honi ikalia, saba fupi na moja ndefu. Waliotuzunguka walikuwa na glasi mkononi, wengine wakijipiga picha. Mimi nilikuwa nasoma idadi ya watu iliyoandikwa ubavuni mwa mashua ya kuokolea, nikirudia kuisoma kama mtu asiyejua tarakimu. Nilisikia faraja, kisha chini ya faraja nikasikia kitu kingine ambacho nadhani kilikuwa wivu. Wivu wa kwamba hapa hesabu ya watu hujulikana kabla kamba hazijafunguliwa. Huo sikuutarajia likizoni, na sikujua niuweke wapi.

Siku za mwanzo tulikimbia. Marseille, Genoa, kisha Civitavecchia, ambayo matangazo huiita Roma ingawa Roma yenyewe iko kilomita zipatazo 80 kutoka bandarini. Ukienda peke yako na treni ikachelewa, meli haikungoji, hivyo nilitazama saa kuliko nilivyotazama magofu. Tukirudi melini, kila kitu kilikuwa kimeipa bahari mgongo: mabwawa, maduka, ukumbi wa michezo, meza za chakula zisizofungwa. Unaweza kumaliza safari nzima bila kukumbuka uko juu ya maji. Nilikuwa nimelipia hilo hasa, na nikaona halinitoshi.

Palermo hatukushuka. Meli ilikuwa nusu tupu, nikakuta sitaha nyembamba upande wa tezi, nikaagiza chai na kukaa. Mhudumu, kijana wa Indonesia, akaniuliza chumba chetu kiko wapi. Nilipomwambia hakina dirisha alicheka: chao nacho, huko chini, hakina, ila yeye hakukichagua, na nyumbani hajafika kwa miezi. Alisema bahari anaiona akiwa kazini tu, akileta vinywaji. Sikujua nimjibu nini. Nilimwachia bakshishi zaidi ya ile inayokatwa kila siku kwenye hesabu ya chumba, na hata hiyo ilionekana kama njia ya kumaliza mazungumzo.

Usiku ule mke wangu aliniomba tutoke nje. Tukasimama kwenye reli, giza mbele, povu likikimbia chini yetu. Sikupenda. Mikono ilikuwa baridi, na masikio yalitafuta kishindo ambacho hakikuwapo. Lakini nilikaa, na usiku uliofuata nikakaa tena, kwa muda zaidi kidogo, naye hakuuliza kitu. Kama hiyo ndiyo starehe, basi ina ladha ambayo bado najifunza.

Sasa tunabishana kuhusu safari nyingine. Yeye anataka Karibi. Mimi navutwa na meli za pwani ya Norway, njia iliyoanza 1893, zinazotoka Bergen hadi Kirkenes zikigusa bandari 34, usiku na mchana, zikishusha mizigo na watu wanaorudi makwao. Mke wangu anasema huko ni baridi na hakuna bwawa la maana. Nimemwambia nitalipia dirisha.