Mikanda ya Mizigo: Kazi ya Utingo, Mpagazi na Mtunza Stoo

Mkanda wa kufungia mzigo ni utepe uliofumwa kwa nyuzi za plastiki, wenye bizimu upande mmoja na ncha tupu upande wa pili. Kazi yake ni kubana, lakini ubora wake hujulikana wakati wa kufungua. Fundo la kamba iliyolowa, likishakazwa na uzito wa mzigo kutwa nzima, usiku halifunguki tena. Hukatwa, na kamba imekwisha kazi. Mwandishi wa kurasa hizi amekula jasho lake kwa kufunga na kufungua mali za watu wengine, kwanza akiwa utingo wa mabasi ya Moshi, baadaye mpagazi wa Mlima Kilimanjaro, na mwishowe mtunza stoo wa vifaa vya utalii. Katika kazi zote tatu kipimo chake cha kuchagua kifungio kilikuwa kilekile: nani atakifungua, na mikono yake itakuwa katika hali gani.

Juu ya keria ya basi, vifungio vilikuwa manila na mpira. Katani, iliyoletwa Tanganyika na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893 na kuja kuilisha nchi kwa miongo mingi, ilikuwa imekwisha kuachia nafasi yake, kwa kuwa hunywa maji, huvimba na kuoza. Manila ya dukani, ile ya bluu au kijani, kwa kawaida ni polipropilini: nyepesi, rahisi na haiozi. Adui yake ni jua. Manila iliyoachwa kwenye keria miezi kadhaa hukauka, ikawa inachoma viganja na kudondosha unga, na hapo haifai hata kufungia mbuzi.

Mpira uliokatwa kwenye tyubu kuukuu ndio kifungio cha watu wa baiskeli na bodaboda hadi leo, nao si wa kudharauliwa hata kidogo. Gunia la viazi au mkungu wa ndizi hujipanga upya kadiri chombo kinavyotikisika, na mzigo hupungua kimo; kamba hulegea hapohapo, ila mpira huufuata mzigo na kuendelea kubana. Ubaya wake ni kwamba ukivutwa huwa na nguvu ya kurudi. Ndoano iliyofungwa kwenye ncha yake ikichomoka, hurudi usoni mwa aliyeivuta. Utingo mzoefu huugeuza uso pembeni kila anapopachika ndoano, hata kama anaendelea kubishana na abiria kuhusu nauli ya tenga la kuku.

Kwenye keria ndiko utingo hujifunza kwamba kinachouzuia mzigo usiteleze hasa ni msuguano kati yake na sakafu. Mkanda unaopita juu ya mzigo huukandamiza tu ili msuguano huo uongezeke. Kwa hiyo pembe ina maana kubwa. Mkanda unaoshuka karibu wima hukandamiza kwa takriban nguvu yake yote; ukilala hadi kufikia nyuzi 30 kutoka usawa wa sakafu, mkandamizo hubaki nusu. Ndiyo sababu godoro pana na jembamba, lililofungwa kwa mikanda inayolala, hupeperuka ilhali mikanda yenyewe imekazwa hadi mwisho. Dawa yake ni kuliwekea mzigo wa kimo chini yake, au kulikunja.

Mlimani mambo hubadilika, maana mzigo hubebwa na shingo. Kwenye mageti ya hifadhi mizigo hupimwa kwa mizani, na kiwango kinachotambulika ni kilo 20 kwa mpagazi. Begi la mgeni huingizwa kwenye mfuko usiopitisha maji na kuwekwa kichwani. Trei za mayai, sufuria na nguzo za hema hufungwa pamoja kadiri zitakavyokubali. Hapa ndipo mkanda mwembamba wa milimita 20 au 25, wenye bizimu la meno linalofunguliwa kwa dole gumba, unapotamba. Unabana vya kutosha bila kukiponda kitu, nao mmoja huweza asubuhi kukunja godoro la kulalia, mchana kuunganisha nguzo, na jioni kuanika soksi ndani ya hema.

Sehemu inayosahauliwa ni ncha. Mkanda wa mita mbili uliofungia mzigo wa mita moja na nusu huacha nusu mita ikining'inia, na kwenye ukuta wa Barranco, ambako njia hupanda takriban mita 250 na mahali pamoja mtu hulazimika kulikumbatia jabali, ncha hiyo hunasa kwenye jiwe au hukanyagwa na anayefuata nyuma. Wapagazi huikunja kwa upana wa vidole vinne, kunjo juu ya kunjo, kisha hulipitisha furushi hilo dogo chini ya mkanda wenyewe karibu na bizimu. Likivutwa kwa mkono hutoka lote mara moja. Wapo wanaopenda kupiga fundo kwenye ncha. Mwandishi hakuwahi kukubaliana nao, kwa kuwa kambi ya Barafu iko mita 4,673 juu ya usawa wa bahari, na fundo lililoloweshwa na mvua ya msituni huweza kufika huko limeganda.

Baridi huchuja vifungio bila huruma. Klipu ya plastiki, ile inayobanwa pande mbili ikaachia, hupasuka ikikanyagwa na hukataa kufunga ikiingia changarawe. Mpira wa tyubu hukakamaa. Nailoni hunywa maji, hurefuka na kupungua nguvu ikiwa imelowa, hivyo hema lililofungwa kikamilifu jioni hukutwa limelegea alfajiri. Poliesta hairefuki kiasi hicho, nayo hunywa maji kidogo mno. Wageni wengine huja na mikanda ya poliuretani yenye matundu, aina ya Voile kutoka Utah nchini Marekani, iliyotengenezwa kwanza kwa ajili ya kufungia mbao za kutelezea kwenye theluji. Hiyo hunyumbuka kidogo, haitelezi juu ya chuma, na hufungwa na mtu aliyevaa glavu. Nguzo ya hema iliyovunjika, ikiwekewa kijiti kando na kuzungushiwa mikanda miwili ya namna hiyo, husimama. Mgeni akiiacha mlimani kama bahashishi, haikai mfukoni mwa mtu mmoja siku nyingi. Huazimwa hadi isijulikane ni ya nani.

Stoo na magari huleta mikanda mipana, na pamoja nayo maandishi. Kwa kanuni ya Ulaya ya EN 12195-2, mkanda wa kufungia shehena huwa na lebo ya rangi: bluu ni poliesta, kijani ni nailoni, kahawia ni polipropilini. Herufi LC huonyesha mvuto unaoruhusiwa, kwa kipimo cha daN, ambacho kimoja ni karibu sawa na uzito wa kilo moja. Mkanda wa milimita 50 wenye racheti, yaani kikazio cha mpini, mara nyingi huandikwa 2,500 ukivutwa moja kwa moja. Tarakimu hiyo huwapumbaza wengi, kwani keria ya gari na boliti zake huweza kukata tamaa mapema zaidi. Racheti inafaa kwa mitungi ya gesi, madebe ya mafuta na tairi la akiba. Kwenye hema, kreti la mboga au kiti cha kukunja ni kifaa cha uharibifu: mkono hausikii tena mzigo unasema nini, na fremu hupinda.

Mikanda isiyo na lebo ndiyo iliyojaa sokoni, na mtunza stoo hununua hiyo pia. Jaribio lake ni bakuli la maji. Kipande kidogo husuguliwa ndani ya maji hadi hewa yote itoke; polipropilini huelea, nailoni na poliesta huzama. Kinachoelea hakipelekwi kwenye keria ya gari linalokwenda kushinda juani Serengeti.

Kwenye gari, mkanda unaopita sehemu wazi huzungushwa mara moja, upande wa juu ukawa wa chini, ndipo ukakazwa. Bila hivyo upepo huutetemesha na dereva huusikia ukilia njia nzima. Panapo ncha kali ya chuma huwekwa kipande cha mpira au gunia. Mikanda miwili mifupi haiungwi kwa fundo, kwa sababu fundo huweza kuondoa hata karibu nusu ya nguvu ya utepe. Ncha ya mmoja hupitishwa kwenye bizimu la mwingine. Baada ya kilomita chache za barabara ya vumbi gari husimamishwa na mikanda kukazwa upya, kwani mzigo utakuwa umeshajipanga.

Ukaguzi hufanywa kwa vidole. Utepe hupitishwa kati ya dole gumba na kidole cha shahada, na kila penye mkato, ugumu unaong'aa wa kuungua, au mshono uliofumuka, hapo ndipo mkanda ulipofikia mwisho. Maji ya betri huila nailoni, na dawa kali za magadi huidhuru poliesta, kwa hiyo stoo haichanganyi mikanda na vitu hivyo. Vumbi la kwenye meno ya bizimu huoshwa kwa maji na sabuni laini, mkanda ukaanikwa kivulini. Mafuta ya injini hayapakwi, kwani hushika vumbi zaidi. Mkanda uliokataliwa hukatwa vipande vifupi siku hiyohiyo, vinginevyo kuna atakayeuokota jaani na kuurudisha kazini. Mabizimu mazima huchomolewa na kuwekwa kwenye kopo la akiba, yakisubiri utepe mpya.